Miguu ya Kuazima

"Umekubali kwa hiari yako?" msimamizi wa kituo aliniuliza kwa mara ya tatu asubuhi ile.

"Nimekubali, baba. Unataka niape?"

"Ni sheria, mama. Miguu ya mtu haichukuliwi kwa haya, wala kwa ndoa."

Shekalaghe jina lake, mtu wa hapo hapo milimani, mpole mpaka anaudhi. Nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda cha kituo cha Kwemvumo, mkanda mpana umenibana kiunoni, na kitufe chekundu kimo kiganjani mwangu. Mbele yangu, kwenye kiti chake cha magurudumu, mume wangu Mbaruku alikuwa ameshavalishwa suruali ya chuma: vyuma vyembamba vinavyoshuka kutoka nyonga mpaka kifundo cha mguu, na chini viatu vipya vya safari ambavyo nilimnunulia mwenyewe. Alikuwa anatabasamu kama bwana harusi.

"Bonyeza, umpe," Shekalaghe akasema. "Ukibonyeza tena, inarudi kwako. Wakati wowote. Huulizwi sababu."

Nikabonyeza, na miguu yangu ikaondoka. Sina neno jingine la kusema. Naiona pale kitandani chini ya khanga, lakini nikiiambia njoo haiji. Na Mbaruku akasimama.

Jamani, nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu ni mrefu. Miaka kumi na moja, tangu alipoanguka kutoka juu ya nguzo ya umeme, nimezoea kuuona utosi wake. Leo nakiona kidevu kwa chini! Nililia, na sioni haya kusema nililia.

Halafu akageuka kwa furaha yake, na mtu wa kwanza aliyemtazama akiwa amesimama hakuwa mimi. Alikuwa Nakundwa.

Huyo Nakundwa naye alikuwa amesimama, kwenye suruali yake, kwa miguu ya kaka yake Mbonea aliyelala kitanda cha jirani yangu. Wakatazamana wale wawili, wakaangua vicheko.

"Kumbe unanizidi kimo!" Nakundwa akamwambia.

"Na wewe kumbe una magoti!"

Wakacheka tena. Mimi nikabaki na machozi yangu pale kitandani.

*

Mjue nilikuwa na haki ya kukereka. Mbaruku na Nakundwa walifanya kazi pamoja kwenye mwongozo wa Safari kwa Wote, ule unaowaambia watu wa viti na fimbo nyeupe na magongo wapi pa kwenda na wapi wasijisumbue. Walizunguka nchi nzima. Wanapima upana wa mlango wa choo, wanajaribu mteremko wa kupandia, wanauliza kama kengele ya dharura hotelini inatoa mwanga kwa kiziwi. Pakifaa, panapewa alama ya Gurudumu. Hoteli kubwa kubwa ziliililia alama hiyo.

Kazi nzuri, sikatai. Lakini wale wawili walikuwa na utani wao wa magurudumu. Atapiga simu huyo dada, "Mbaruku, nimeshinda leo, mteremko wangu ulikuwa na mbuzi juu," na mume wangu atacheka mpaka akohoe. Nikiuliza kinachochekesha, ananiambia, "Ah, ni mambo ya viti tu." Mambo ya viti! Na kiti hicho nani anakisukuma? Nani anajua gurudumu lake lipi linavuta kushoto? Mimi ndiye niliyekuwa barabara yake. Palipokuwa na ngazi, nilimbeba mgongoni, na alikuwa akininong'oneza upuuzi sikioni mpaka nashindwa kutembea kwa kucheka. Huo ulikuwa utani wetu sisi, kabla Nakundwa hajaja na mbuzi wake.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nilishiriki, na nilikonda.

Kwemvumo ilikuwa safari tofauti na zote. Maporomoko yako juu kabisa, na njia yake ni ngazi za kuchongwa mwambani. Serikali ya milima ilikuwa imeanza kuchora njia ya zege ya magurudumu, inayozunguka polepole mpaka juu, kisha mkanda ukavumbuliwa na michoro ikakunjwa. Nani amwage zege mlimani wakati miguu ya kuazima ipo? Kwemvumo ikipata Gurudumu kwa miguu hiyo, Shekalaghe alituambia bila kuficha, vituo vingine vyote vitafuata, na zege itasahaulika. Nakundwa hakuupenda mpango huo, alishasema tangu kwenye gari. Mbaruku alisema tungoje kwanza tuone. Alikuwa na hamu, mume wangu. Hamu ilimtoka hadi kwenye sauti.

Waliondoka asubuhi ile, wakiambatana. Niliwasikia wakishuka baraza: hatua za Mbaruku nilizisikia kwa nyayo zangu mwenyewe.

*

"Unazisikia?" Mbonea akaniuliza kutoka kitanda chake. Kijana mnene, mtulivu, alikuja na mfuko wa karanga akautua kifuani.

"Nazisikia."

Shekalaghe alikuwa ametueleza. Walijaribu mashine itembee yenyewe, ikawa hodari sakafuni na mjinga kwenye jiwe lenye utelezi. Mwendo wa kweli hauko kichwani, uko kwenye uti wa mgongo. Ndio unaojua kujiokoa kabla wewe hujajua kwamba unaanguka. Basi anayevaa suruali anataka tu, "twende pale," na uti wa mgongo wa aliyelala ndio unaojua namna. Kichwa ni chake, mwendo ni wako. Na kwa kuwa mwendo mmoja haupiti njia mbili, wewe unabaki gogo. Ila uti wa mgongo nao hauwezi kutembea bila kuigusa ardhi, kwa hiyo vijiuzi vilivyopandikizwa chini ya ngozi ya miguu yake vinakurudishia habari. Unaisikia ardhi yake, kwa mbali, kama uliyevaa soksi nene.

Kamera hakuna. Faragha ya msafiri, walisema. Ninayo miguu yake tu, na akili yangu, na akili yangu siku ile haikuwa rafiki yangu.

Mwanzoni nilifurahi. Ngazi, ngazi, tope kidogo, mzizi. Alipouvuka mzizi bila kujikwaa, nilijisifu mwenyewe, "Safi, Mwantumu!" Kisha nikaanza kusikia mwendo wake unapungua. Anasimama. Anakwenda pole. Anasimama tena. Mtu anayepanda mlima hasimami hivyo, husimama hivyo mtu anayezungumza. Na mtu anayezungumza na nani?

"Dada yako anatembea vipi?" nikamuuliza Mbonea, nikijifanya sijali.

"Polepole. Anachoka pumzi, huyo."

"Wanasimama pamoja?"

"Nitajuaje, mama? Mimi nina miguu tu."

Jua lilikuwa limepanda utosini walipofika juu. Nilijua wamefika kwa sababu ngazi ziliisha, na chini ikawa mwamba tambarare wenye ubaridi unaotetemeka, maji yanaanguka karibu. Mbaruku akakaa kwenye jiwe. Akavua viatu.

Sawa, nikasema. Amechoka, apumzishe miguu.

Mara maji ya baridi yakamwagika kwenye mguu wa kulia. Na ndani ya maji, mkono. Nikausikia ukipita juu ya unyayo, ukizunguka kifundo, na vidole vya mkono vikaingia katikati ya vidole vya mguu, kimoja kimoja, taratibu, kwa upendo kabisa. Kisha mguu wa kushoto, vilevile.

Mbaruku hakuwa mtu wa kujichezea miguu. Miguu yake ile mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha, mimi, miaka yote, nyumbani kwetu Tanga, kwa beseni la bluu. Nani sasa anayeiosha? Nani anayemtia vidole katikati ya vidole?

"Mbonea! Dada yako anafanya nini sasa hivi?"

Akatafuna karanga akifikiri. "Amekaa. Miguu inaning'inia. Anaibembeza."

"Amekaa karibu na maji?"

"Mama, kwani kuna nini?"

Mume wangu alikuwa amesimama sasa, pekupeku, kwenye mwamba. Amesimama kimya, miguu imeachana kidogo. Muda mrefu, hasogei hata kidole. Hivyo ndivyo anavyosimama mtu mbele ya mtu anayemtazama machoni. Kisha uzito ukasogea mbele, misuli ya nyuma ya mapaja ikavutika. Ameinama! Ameinama kwake! Akanyooka. Nikaomba Mungu, nikasema, ee Mola, mzuie. Na hapo hapo magoti yake yakashuka.

Yalishuka yote mawili, yakagusa mwamba, na vidole vya miguu vikakunjika chini.

Amempigia magoti.

Kwa magoti yangu! Si jambo dogo mwanamume kumpigia magoti mwanamke wa nje. Lakini akampigie kwa magoti ya mkewe, mkewe akiwa amelala gogo anayasikia? Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wa kale. Nami nikasema leo nitamvua.

"Mama, tulia," Mbonea alikuwa ananiambia. "Dada hajainuka hapo alipo. Nakwambia amekaa tu—"

Nikabonyeza.

*

Miguu yangu ilirudi na sisimizi elfu ndani yake. Taa ya juu ya kitanda ikageuka nyekundu, na Shekalaghe akaja anakimbia, redio mkononi.

"Mama Mwantumu, ni mtandao au ni wewe?"

"Ni mimi."

Hakuniuliza sababu. Sheria. Redio ikakwaruza, sauti ya Nakundwa ikatoka, haina hata chembe ya utani: "Kituo, Mbaruku yupo chini kifudifudi. Nimemgeuza. Anavuja damu kidogo usoni. Kuna nini huko?"

"Mwenyewe karudisha," Shekalaghe akasema.

Mimi kifudifudi sikutarajia. Suruali zile tuliambiwa zinalegea taratibu, msafiri anakaa chini kama anayeshushwa na mtu. Itakuwaje mtu aliyepiga magoti mbele ya mwanamke aangukie uso?

"Mama, hasira hasara," Shekalaghe akanong'ona. "Yuko juu ya mwamba wenye maji, hana kiti, hana miguu. Mpe ashuke. Mtagombana huku chini."

Nikabonyeza tena, upesi. Taa ikapepesa, ikabaki nyekundu.

"Amekataa," Shekalaghe akasema. "Naye ana hiari. Anayepewa lazima apokee."

Kisha redioni nikamsikia Mbaruku mwenyewe. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwambie abaki nayo. Ni yake. Mimi nitasubiri machela."

Vijana wanne wakaondoka na machela. Na mimi nikajifungua mkanda, nikajifunga khanga kiunoni, nikawafuata. Mmoja akaniambia mama njia ni ngumu. Nikamwambia njia hiyo nimeshaipita leo, mwanangu, naijua kila mzizi.

Na kweli nilikuwa naijua. Nilipofika kwenye ule mzizi, mguu wangu uliinuka wenyewe. Pale aliposimama mara ya kwanza nikasimama, nikaona alichokuwa anakitazama: kigingi cha chuma kilichochakaa, chenye namba, na kingine mbele yake, vikizunguka ubavu wa mlima taratibu. Vigingi vya njia ya zege iliyofutwa. Kila alipokuwa akisimama palikuwa na kigingi. Ndiyo mazungumzo yao yote yale. Walikuwa kazini.

Nikaanza kupanda kwa nguvu zaidi.

*

Nakundwa alikuwa ameketi juu ya jiwe kubwa, mbali na maji, miguu inaning'inia kama kaka yake alivyosema. Aliponiona hakushuka.

"Shikamoo, dada," akanisalimu.

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nyuma ya mwamba ule. Mimi nilikaa huku nikampa mgongo. Mtu akisali hatazamwi."

Nilisimama. Vijana wa machela wakanipita.

Akisali.

Nakundwa ni Mpare, Mkristo, mwimbaji wa kwaya, hakujua alilolisema limenipiga wapi. Mimi niliyefundishwa chuo cha Kurani kabla sijaota meno ya pili! Kutia udhu: mguu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, na maji yapite katikati ya vidole. Kusimama. Kurukuu, mgongo umeinama. Kunyooka. Kushuka magoti, vidole vimekunjwa. Kila siku ya maisha yangu nimeifanya ile, mara tano, na ilipokuja kwangu kwa nyayo zangu mwenyewe, saa ya adhuhuri, sikuitambua. Nilikuwa nimejaa Nakundwa mpaka sikubakiza nafasi ya kumtambua mume wangu.

Nilimkuta ameegemezwa kwenye jiwe, viatu vyake pembeni vimepangwa vizuri. Paji la uso lilikuwa na udongo mweusi, na katikati ya udongo mkwaruzo unaotoa damu. Pua imechubuka.

"Umefika, mwenye miguu," akasema.

Nikapiga magoti. Mimi sasa. "Ilikuwa rakaa ya ngapi?"

"Ya kwanza. Sijida ya kwanza."

"Mbaruku…"

"Sala ya kitini haina kasoro, Mwantumu, najua. Sheikh alishaniambia, nami namwamini. Lakini paji langu lilikuwa na hamu na ardhi. Nilisema nikifika huko nitalipeleka mara moja tu." Akajigusa udongo usoni. "Basi lilifika. Ila sikuweza kuinuka."

"Mkanda niulete hapa," nikasema. "Nilale hapa hapa juu ya mwamba, nikupe, umalize. Hata kutwa nzima. Nakuapia."

"Nimeshamaliza kwa kukaa."

"Basi ya alasiri. Nitakupa ya alasiri."

Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ningependa zaidi kama ingekuwa kofi. "Na nikiwa chini nifikirie nini? Nimwombe Mungu, au nikuombe wewe usikasirike?"

Vijana wakamwinua, wakamfunga kwenye machela, na mimi nikachukua viatu vyake nikashuka nyuma yao.

*

Kituoni Shekalaghe alikuwa ameshaandaa chai na maneno. "Bwana Mbaruku, mambo ya mlimani haya. Tuseme ni hitilafu ya mtandao. Hata bibi atakuwa amesitirika. Na alama yetu…"

Nilimtazama mume wangu. Angesema ndiyo, ningepona. Wote wangesahau.

"Mtandao haukuwa na hitilafu," Mbaruku akasema. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake, na nilimwona amekaa vizuri zaidi kuliko alivyosimama asubuhi. "Mashine yako imefanya kazi sawasawa. Mke wangu naye amefanya lililo haki yake. Hakuna aliyevunja sheria hata moja, na mimi nikawa kifudifudi. Sasa nikupe alama ya nini?"

"Lakini ulifika juu!"

"Nilifikishwa. Shekalaghe, zege haina mke. Haina wivu, haisinzii, haigombani na mtu asubuhi. Vigingi vyenu bado vipo kule, nimevihesabu vingi tu. Mkimwaga njia, niite, nitakuja na kiti changu na alama nitaibandika kwa mkono wangu."

Nakundwa alikuwa mlangoni, naye amerudi kitini. Alisikia yote na hakucheka. Alinikaribia, akaishika khanga yangu iliyochanika kwenye miiba. "Dada, utaishona hii," akasema tu, kisha akasukuma magurudumu akaenda kumwamsha Mbonea. Ningempenda pale pale kama ningeweza. Sikuweza bado. Nisiwadanganye.

Nikabaki na mume wangu.

"Utaandika jina langu mwongozoni?" nikamuuliza.

"Nitaandika 'mwenye miguu.'"

"Na mimi utaniambia nini?"

Nje adhana ya alasiri ilianza, mbali, kutoka msikiti wa kijiji cha bondeni. Akaomba maji, nikamletea. Aliosha uso, akapapasa ule mkwaruzo bila kukunja sura, na alipofika miguuni niliinama nimwoshe kama siku zote. Akanizuia mkono kwa upole. Akainama mwenyewe, kwa shida, akaiosha miguu yake isiyosikia, vidole vyake vikapita katikati ya vidole, kimoja kimoja, vilevile.

Kisha akakigeuza kiti kuelekea kibla.

"Njoo nyuma yangu," akasema.

Nikatawadha, nikajitanda khanga, nikasimama nyuma ya kiti. Aliporukuu kwa kuinamisha mgongo, nikarukuu. Aliposujudu kwa kuinama zaidi, pale pale kitini, mimi nikashuka. Magoti yangu yakagusa sakafu. Vidole vya miguu vikakunjika chini, na ilikuwa ile ile, ile ile hasa niliyoisikia mchana nikaitia jina la mwanamke. Wivu wangu wote ule, kumbe niliyemwonea ni Mola wangu.

Paji likafika chini. Mbele yangu nikamsikia Mbaruku ameshasema Allahu akbar, ameinuka, ananingoja. Miguu ilikuwa yangu, nzima, na ningeweza kuinuka.

Sikuinuka upesi.